Mahali pa Kulaza Nyama

Mdogo wangu alifika Guangzhou katika majira ambayo kuta hutoka jasho. Kila mwaka baridi inapoisha, hewa nzito huingia kutoka kusini, sakafu inalowa kama imemwagiwa maji, nguo zinakataa kukauka na mkate unaota ukungu kabla hujaumaliza. Nilikuwa nimempangia godoro karibu na dirisha katika chumba changu cha mtaa wa Xiaobei, ghorofa ya saba, katikati ya maboksi ya madaftari na vitu vya kuchezea watoto niliyokuwa nasubiri kuyapakia. Pale uwanja wa ndege alitoka amejifunga skafu usoni mpaka chini ya macho. Akasema, "Shikamoo dada," nikaitikia, na sikuthubutu kumwambia aifungue.

Alikuwa mpishi wa safari. Kampuni yao ni ndogo, ina magari machache na lori moja la mizigo, na kazi yake ilikuwa kuwapikia wageni katika kambi za mahema huko mbugani. Wageni walilala kwenye mahema ya kufunga zipu. Wapishi walilala kwenye hema la jikoni, ambalo lilikuwa turubai tu juu ya miti, upande mmoja wazi, pamoja na mayai, matunda na nyama, kwa sababu lazima awepo mtu wa kulinda chakula. Alfajiri moja fisi aliingia kufuata ndoo ya nyama, na kabla hajaifikia ndoo akaufikia uso wa mdogo wangu. Mwenzake aliamka kwa zile kelele akamfukuza kwa kijinga cha moto. Shavu la kushoto lilikuwa limekwenda, na pua karibu yote.

Hospitali ya nyumbani iliokoa maisha yake. Kutengeneza uso lilikuwa jambo jingine, na mimi nilikuwa nimeishi huku muda wa kutosha kujua mlango wa kugonga. Daktari wa Guangzhou alikata ngozi ya paji la uso akaishusha, akaikunja na kuishona mahali pa pua. Baada ya wiki kadhaa alimpa kioo, akatwambia kazi imetoka vizuri. Nilitazama nikakubaliana naye. Ilikuwa pua. Ila haikunusa kitu.

Sikujua maana ya hilo mpaka jioni moja niliporudi kutoka kununua mizigo mtaa wa Yide Lu. Nilimkuta amekaa kwenye godoro, amebadilisha nguo, nywele zimelowa. Friji yangu ndogo ilikuwa wazi, imechomolewa umeme, na ndani haikuwa na kitu. Kabatini pia hamkuwa na kitu.

"Chakula kiko wapi?"

Alionyesha dirishani. Nje ya nondo alikuwa amening'iniza mfuko mkubwa wa nailoni, kaufunga kwa kamba ya mizigo fundo juu ya fundo. Humo mlikuwa na mkate, maziwa, kuku wa jana, dagaa nilioletewa kutoka nyumbani, hata sabuni ya kuogea na dawa yangu ya meno.

"Wewe," nikamwambia, "hii ni ghorofa ya saba. Fisi atapanda lifti?"

Nilitaka acheke. Hakucheka, akasema kwa adabu, "Najua dada. Lakini siwezi kulala navyo."

Kisha alininyooshea mikono. "Ninuse. Nimeosha mara mbili, lakini mimi sijui kama inanuka kitunguu."

Niliishika mikono yake nikainusa. Ilinuka sabuni. Nikamwambia ni safi, akashukuru, akageukia ukutani. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yetu ya kila jioni. Alipika yeye, kwa kuwa hakuna anayeweza kupika karibu naye na kuona raha, tukala, akaosha vyombo, akaoga, akabadilisha nguo za kupikia na kuzitia kwenye mfuko pamoja na mabaki, akauning'iniza nje, halafu akaniletea mikono. Siku nyingine alitaka ninuse na mto wake.

Siku moja nilikwenda naye Yide Lu, angalau atoke ndani. Kule kuna maduka ya samaki wakavu, kamba, kome na ngisi waliorundikwa kwenye magunia mpaka barabarani, na harufu yake hukufuata hadi kwenye treni. Alipita katikati taratibu na skafu yake, akatazama magunia, akaniuliza, "Inanukaje hapa?" Nikamwambia inanuka kama soko la samaki la Feri kwetu wakati wa jua. Akasimama, kisha akasema turudi. Alioga kwa muda mrefu sana siku ile.

Sitaki kujifanya nilikuwa na subira. Mfuko ulioning'inia kwenye unyevunyevu ule uliharibu kila kitu. Dagaa waliota ukungu wa kijani, nami dagaa wale nilikuwa nawala kidogo kidogo kama dawa. Nilipowatupa nilisema maneno makali, na yeye alinisikiliza amesimama kama mtoto wa shule. Kesho yake mchuzi ulivuja ukamwagikia nguo za mama wa ghorofa ya chini alizokuwa ameanika. Alipanda kwetu ameshika shuka mkononi, anagomba kwa Kikantoni tangu kwenye ngazi. Mdogo wangu ndiye aliyefungua mlango, bila skafu. Yule mama alikatisha neno katikati. Alimtazama, akatazama shuka lake kama vile hajui limefikaje mkononi, akashuka.

"Bora angeendelea kugomba," mdogo wangu alisema.

Mwezi uliofuata bosi wake alinipigia simu. Ni mzee mpole, anayeuliza habari za watu wote wa nyumba kabla ya kusema shida yake, na siwezi kusema alimtupa mfanyakazi wake. Kwa matibabu ya nyumbani alijitahidi. Alisema wageni wamesikia habari ya fisi na wanauliza maswali. Anataka masanduku ya kuhifadhia chakula, ya chuma, yasiyofunguka wala kupitisha harufu. Je, Guangzhou yapo?

Guangzhou hakuna kisichokuwepo. Nilipata kiwanda nje ya jiji kinachotengeneza masanduku ya kupiga nayo kambi kwenye nchi zenye dubu, nikaenda na mdogo wangu, maana yeye ndiye atakayeyatumia au wenzake watayatumia. Mwenye kiwanda, laoban wa makamo, mkimya, alitukaribisha chai na kutuwekea video. Dubu mkubwa wa rangi ya kahawia alikuwa ndani ya uzio na sanduku moja. Alilibingirisha, akalikalia, akaliuma pembeni, akalidundisha kwa miguu ya mbele kama mtu anayetwanga. Mwisho alichoka akalala kando yake. Mdogo wangu aliomba irudiwe. Ikarudiwa. Akaomba tena.

Kila sanduku lilikuwa na karatasi ya maelekezo imebandikwa kwenye mfuniko, yenye michoro. Hema upande huu, jiko kule mbali, sanduku kule mbali zaidi, mahali upepo hauleti harufu kwenye hema. Usilale na chakula, wala pipi, wala sabuni, wala dawa ya meno. Nguo ulizopikia usilale nazo. Laoban alitueleza mchoro mmoja mmoja, simu yake ikitafsiri kwa sauti ya mwanamke, nami nikamtafsiria mdogo wangu.

"Mwambie yote tulikuwa tunayajua," alisema.

"Mliyajua?"

"Tuliwaambia wageni kila jioni wakimaliza kula. Mimi mwenyewe nilikuwa napita hema hadi hema kukusanya biskuti. Hata dawa ya mafua yenye harufu tamu nilichukua. Nikishamaliza, naenda kulala na ndoo ya nyama."

Sikutafsiri. Laoban alisubiri, akitutazama kwa zamu, halafu akaongeza chai.

Mdogo wangu alijaribu lachi za kufungia mifuniko ya masanduku yote. Moja alisema nyani ataifungua kwa kidole, akaikataa. Nyingine aliifunga na kuifungua akiwa amefumba macho. Tulichagua hiyo. Tulipokuwa tunarudi kwenye basi nilimpigia bosi wake kumweleza, na kabla ya kukata simu nikamuuliza wapishi watalala wapi sasa.

"Si palepale jikoni tu?" alisema.

"Mzee, chakula kitakuwa kwenye sanduku. Hakihitaji mlinzi."

"Mwanangu, hayo masanduku yenyewe ni mali. Nitayaacha porini bila mtu?"

Alisema bila ukali wowote. Simu ilikuwa kwenye spika, kwa hiyo sikuwa na haja ya kumweleza mdogo wangu. Alikuwa anatazama nje, viwanda vinapita kimoja baada ya kingine na mvua inateremka kwenye kioo. Nilipokata simu nilimwambia sitanunua. Nitamwambia mzee hakuna, *meiyou*, atafute kwingine, na yeye abaki hapa anisaidie mizigo.

"Nunua dada," alisema. "Mimi narudi."

Niliuliza anarudi wapi, kana kwamba sijui. Akasema ana mke na binti. Akasema anajua kupika kwenye moto wa kuni kwa watu ishirini na hajui kitu kingine. Nyama ikiwa ndani ya sanduku, alisema, yeye atakuwa mtu tu aliyelala nje, na fisi huwa hawana ugomvi sana na mtu aliyelala. Nilimkumbusha kwamba hata alfajiri ile alikuwa amelala. Tulishuka Xiaobei tukatembea hadi nyumbani mwavuli mmoja, yeye upande wa mvua.

Aliondoka kabla ya masanduku. Yenyewe niliyapakia kwenye kontena la mchanganyiko, la mizigo ya watu wengi, yakaenda bandari ya Nansha na madaftari yangu. Chumba kilipobaki changu peke yangu nilirudisha chakula kwenye friji nikachomeka umeme. Ilinichukua siku nyingi kuacha kukifikiria kile chakula nikiwa kitandani.

Sasa ananipigia akiwa juu ya kilima kimoja huko mbugani ambako mtandao unashika, mara nyingi mchana, wageni wakiwa wametoka na magari kutazama wanyama. Halali jikoni. Dereva wa lori alimhurumia, wakakubaliana alale ndani ya kabini na vioo vimepandishwa. Bosi hajui, au anajua na amenyamaza. Masanduku yamefanya kazi. Fisi huja karibu kila usiku, asubuhi anakuta mate na alama za meno kwenye pembe, lakini hakuna lililowahi kufunguka.

Nilimuuliza kama bado anaogopa.

"Usiku siogopi sana," alisema. "Naogopa wakiamka."

"Fisi?"

"Wageni."

Ndipo akanieleza kwamba hapeleki tena chakula mezani. Mama mmoja wa wageni alishindwa kula alipomwona usoni, hakuwa na ubaya, aliinuka tu akaomba radhi, na tangu hapo bosi ameagiza mpishi abaki nyuma ya turubai na mhudumu ndiye atoke. Zamani mwisho wa safari walimwita, wakampigia makofi na kupiga naye picha. Sasa wanapeleka shukrani kwa mhudumu. Binti yake, alisema, ameanza kukubali kupakatwa, lakini bado anageuza uso pembeni.

Nilimwambia atafute kazi nyingine, mjini, hata hoteli.

"Ipi dada," alisema, "ya kuonekana?"

Nikasikia gari kwa mbali, kisha akaniambia wageni wanarudi na bado hajaweka maji ya chai motoni.