Besi Niliyoichagulia Kwaya

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na shati jeupe na nia ya kupiga solo. Ilikuwa asubuhi, Mwanjelwa, Mbeya, kwenye ukumbi wa bendi ambayo haipo tena. Ukumbi wenyewe sasa ni ghala la saruji. Kiongozi wa Bendi, mtu mfupi aliyevaa koti la ngozi hata jua likiwaka, hakuniuliza nilijifunzia wapi gitaa. Alinishika mikono akaigeuzageuza. Mpiga besi wake alikuwa amevuka mpaka wa Tunduma kwenda Zambia wiki ile na hakuonyesha dalili ya kurudi.

"Hii mikono ya jembe," alisema. "Solo inataka vidole vya karani. Wewe shika besi."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Nilikuwa nimelima viazi Uyole tangu nikiwa mdogo, na jembe ndilo lililonipa kazi ya muziki.

Kwa asiyejua, besi ni lile gitaa refu lenye nyuzi nne nene. Solo ndiyo inayoimba na kusifiwa, rithimu inajaza katikati, na besi inatembea chini pamoja na ngoma, ikiwaambia watu wakanyage wapi. Mpiga besi akikosea, ukumbi mzima unajikwaa. Akipiga vizuri, hakuna anayemtaja. Nimeishi na hilo miaka thelathini na tatu, na sitadanganya kwamba halikuniuma.

Vijana wa leo wanakuja mazoezini kila mmoja na gitaa lake mgongoni. Siku zetu hilo halikuwepo. Magitaa, ngoma, maampli na maspika vilikuwa mali ya mwenye vyombo, naye ndiye tuliyemwita Mkurugenzi. Wetu alikuwa na nyumba ya wageni na malori mawili. Ukifika mazoezini unasaini kwa mtunza stoo, unapewa gitaa. Ukimaliza unafuta nyuzi kwa kitambaa, unakabidhi, kufuli inafungwa. Nyumbani huendi na kitu. Mimi nilichora nyuzi nne kwa mkaa juu ya ubao, na vidole vyangu vilijifunza nyimbo mpya juu ya ubao huo, bila sauti yoyote. Mke wangu aliwahi kumwuliza mama yangu kama kwetu kuna ugonjwa wa akili.

Nyuzi mpya zilikuwa adimu. Uzi wa besi ukitumika sana unajaa jasho na uchafu, mlio unafifia mpaka unasikia kama mtu anagonga debe. Dawa yake ilikuwa sufuria. Tulizivua, tukazichemsha na sabuni ya unga, tukazianika, na kwa wiki mbili zililia upya. Nilichemsha nyuzi za lile gitaa la Mkurugenzi mara nyingi kuliko nilivyopika chai kwangu. Lilikuwa la kahawia, zito, limechubuka pale dole gumba linapokaa. Chubuko lile ni la dole langu.

Msimu wa mavuno ya mpunga bendi ilishuka bonde la Usangu, kwa sababu huko ndiko watu walikokuwa na kitu mfukoni. Tulipiga mchana, vumbi likiingia mpaka ndani ya spika. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kisukuma, mfugaji aliyehamia bonde lile na ng'ombe wake kutoka kaskazini, ambaye kila siku alivuta kigoda chake akakiweka mbele yangu, si mbele ya mwimbaji. Hakucheza. Alitazama mikono yangu tu. Siku tuliyokuwa tukifungasha alikuja na mtamba amefungwa kamba, akanikabidhi. Katika kazi yangu yote ndiye mtu pekee aliyenitunza kwa ajili ya besi.

Mtamba yule angetosha kunipatia besi iliyotumika kutoka upande wa pili wa mpaka. Nilikwenda kumwomba ruhusa Mkurugenzi, maana nilijiona mtu wa heshima.

"Mwanamuziki mwenye gitaa lake ana mguu mmoja barabarani," aliniambia bila kuinua macho. "Ukinunua, nenda nalo. Ukitaka kazi, achana nalo."

Niliuza mtamba nikaezeka bati. Wenzangu wawili walikaidi amri hiyo hiyo, wakafukuzwa, wakaenda zao Dar na majina yao yakajulikana. Mimi nilibaki nikijiita mwaminifu. Siku hizi najiita jina jingine, ila si la kuandika hapa.

Mkurugenzi alipoichoka bendi hakuitisha hata kikao. Tulikuta kufuli mpya mlangoni. Vyombo viliuzwa kimoja kimoja, na ile besi ya kahawia ilinunuliwa na kwaya ya usharika mmoja wa Kihesa, Iringa. Mtu mwingine angetafuta bendi nyingine. Mimi nilifungasha nguo, nikamchukua mke wangu, tukalifuata gitaa.

Wahehe walinipokea vizuri, wakanibatiza Mwabesi, kwa kuwa waliona kila Mnyakyusa kama mimi lazima jina lake lianze na Mwa. Niliwapigia Jumapili kwa Jumapili kwa posho ndogo, nikawafundisha vijana wao, na ibada ikiisha gitaa lilirudi stoo ya kanisa na Mwenyekiti wa Kamati ya Vyombo akafunga. Kufuli nyingine, maisha yale yale. Kisha kidole cha pete cha mkono wa kushoto kikaanza kukakamaa. Kwanza asubuhi, baadaye kutwa nzima. Nilistaafishwa kwa blanketi, keki na picha ya pamoja. Nafasi yangu ilichukuliwa na Neema, mwalimu wa shule ya msingi niliyemfundisha mwenyewe kwa miaka minne, mwanamke mwenye sikio zuri kuliko langu.

Mwaka huo huo kamati iliamua kununua besi mpya. Mwenyekiti, aliyekuwa Afisa Misitu kabla ya kustaafu, alinifuata nyumbani na kuniomba niende Mbeya kuchagua, kwa kuwa hawakuwa na mtu mwingine anayejua. Niliuliza gitaa la zamani litafanywaje. Alisema tutaona, kisha akaniwekea mkono begani. "Mzee, sisi hatutakusahau," alisema. Nilisikia alichosema, nikaongezea mwenyewe ambacho hakusema. Kuanzia hapo nilijua nalitaka gitaa lile, na nalitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Kidole kibovu, ndiyo. Lakini ningelining'iniza ukutani, ningelishika jioni, lingekuwa langu.

Sasa niwaeleze namna ya kuchagua besi, maana ndiyo elimu pekee niliyo nayo. Usianze na rangi. Inua gitaa, weka kitako chake karibu na uso, fumba jicho moja utazame shingo mpaka kichwani, kama seremala anavyotazama ubao. Shingo ikiwa imebinuka kidogo haina neno, kwa sababu ndani yake mna chuma kinachokazwa kwa spana, nayo itarudi. Shingo ikiwa imejisokota, upande mmoja juu na mwingine chini, weka chini uondoke. Hiyo haitengenezeki. Nyuzi zitagusa vyuma vya shingoni, na kila ukibonyeza katikati zitakwaruza hata ufanye nini. Baada ya hapo sikiliza zile sumaku zinazodaka mlio, kama uzi mnene na uzi mwembamba zinatoka sawa. Kisha livae mpaka bega liseme. Rangi iwe ya mwisho, na kama haikupendezi, nyamaza.

Muuzaji alikuwa Bwana Salumu, ambaye babu yake alitoka Kilwa akafungua duka Mbeya na wajukuu hawajalifunga. Alinitolea mawili. La kwanza lilikuwa jipya, jekundu, linang'aa. Nilifumba jicho moja nikatazama. Shingo imejisokota. La pili lilikuwa la mtumba kutoka Ulaya, halina sura, lakini shingo imenyooka na mlio wake uliingia kifuani. Hilo lilikuwa la bei zaidi, na Bwana Salumu alisema angelitoa kwa fedha tuliyokuwa nayo endapo tungemletea na lile la zamani.

Hapo ndipo mtihani ulipokuwa. Nikichagua zuri, gitaa langu linaondoka. Nikichagua bovu, linabaki.

Nilikaa dukani mle kutwa nzima, nikiyapiga moja baada ya jingine kwa vidole vitatu. Bwana Salumu aliniletea kahawa mara mbili. Hakuniharakisha, na laiti angeniharakisha ningekuwa na wa kumlaumu. Nilipoonyesha lile jekundu alilishika shingoni.

"Mzee wangu, shingo yake ushaiona," alisema. "Mimi ni muuzaji, nitauza. Lakini fundi ni wewe."

Nilimjibu kwamba kamati inataka jipya. Kamati ilitaka nitakachosema mimi, basi. Nilishuka basi Ipogolo, Iringa, na gitaa jekundu kwenye mfuko wake, nikapanda bajaji mpaka Kihesa, na njiani nilijipa sababu zote: ni jipya, litawapendeza, kwaya haina masikio ya bendi, nami nimetumika miaka thelathini na tatu bila kuomba kitu. Ile ya mwisho ilikuwa kweli, na ndiyo iliyonipoteza.

Wanakwaya walipiga makofi. Mwenyekiti aliniuliza mbele ya kamati kama hilo ndilo, nikasema ndilo. Jumapili liliwekwa wakfu madhabahuni, mchungaji akaliombea lidumu na lilete sifa. Nilikuwa nimesimama safu ya pili, nikaitikia amina.

Nilisubiri wiki mbili ili nisionekane na tamaa, kisha nikaenda kwa Mwenyekiti kuuliza la zamani. Uso wake ulijaa furaha.

"Tumewapa wenzetu wa kanisa dogo la mtaa wa Idodi," alisema. "Kule hawana chombo hata kimoja. Nilijua utafurahi, Mzee, maana wewe ndiye uliyelitunza."

Nilisema nimefurahi. Sikumchukia, wala siwezi kusema alinidhulumu, kwa kuwa hakuwahi kuniahidi. Laiti ningemwomba waziwazi siku ile alipokuja kwangu, labda angenipa. Lakini mtu aliyezoea kukabidhi gitaa kila siku hajui namna ya kuliomba.

Basi Neema akaanza kulipiga lile jekundu. Kila alipobonyeza katikati ya shingo lilikwaruza. Alikuja kwangu kuuliza, nami nikamwambia abonyeze kwa nguvu zaidi. Alirudi, nikamwambia azidishe mazoezi. Akabadilisha nyuzi kwa mshahara wake. Kwenye mashindano ya kwaya mwalimu wa kwaya aliamua mpiga kinanda apige besi kwa mkono wa kushoto, na Neema akaketi na waimbaji wa sauti ya pili. Nilikuwepo. Nilimwona akitazama vidole vyake mapajani, nikageuza uso. Hali hiyo iliendelea miaka miwili, nami muda wote nilikuwa mzee anayeheshimiwa, anayepewa kiti cha mbele.

Mwezi uliopita Neema alikuja kwangu mchana na mfuko wa maharage.

"Kamwene, baba," alinisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, mwalimu."

Aliketi, akaniuliza hali ya kidole, ndipo akasema: "Nimeamua kununua besi ya kwangu mwenyewe. Naomba twende wote Mbeya ukanichagulie. Ile ya kanisani ulituchagulia wewe, mimi ndiyo nimeshindwa kuipiga."

Ningeweza kwenda. Ningemchagulia nzuri, angeshukuru, na nisingekuwa na deni mbele ya mtu yeyote isipokuwa Mungu. Nilishindwa kumtazama anavyojilaumu. Nilimweleza yote, shingo, lile la mtumba, maneno ya Bwana Salumu, na gitaa la kahawia nililolitaka. Sikupunguza kitu. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kama anavyowasikiliza wanafunzi wake wakileta visingizio.

"Miaka miwili, baba," alisema. "Nimefanya mazoezi mpaka vidole vikatoka damu."

Aliaga kwa adabu zote, akafunga geti taratibu.

Wengi wanaoandika habari za kazi zao humalizia na shukrani. Mimi naona bora nimalizie na lililopo. Neema alikwenda Mbeya peke yake na akarudi na gitaa. Anaishi nyumba ya nne kutoka kwangu, na akitoka shule hupiga mpaka jioni. Juzi nilisimama nje ya ukuta wake nikasikiliza, na mlio ni safi, hauna mkwaruzo hata mmoja. Ni besi gani, sijui. Mimi sikuthubutu kugonga, na yeye hajanionyesha.