Barua Iliyolala Kwenye Mashine

Asubuhi ile hatukujua kuwa ni ya mwisho, kwa hiyo tuligombania bawaba. Mlango wa chumba cha mbele ulikuwa unalia, na mke wangu alitaka niutie mafuta kabla wateja wake hawajafika. Nikasema nitatia. Akasema, "Utatia, utatia, na mwaka unaisha." Alikuwa anatafuta miwani, na miwani ilikuwa kichwani kwake. Sikumwambia. Alizunguka chumba mara mbili ndipo akajigusa.

"Uliiona."

"Niliiona."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema nini, mama watoto? Ulikuwa unafanya mazoezi."

Akacheka, akanimiminia chai. Nikamuuliza, "Barua yangu imeamka?" Akasema, "Bado. Iache ilale." Akaenda kukaa kwenye mashine yake.

Mchana alianguka karibu na beseni la nguo. Siku ya tatu hospitali wakatuita. Hayo mengine siyaandiki.

Mashine ni kompyuta. Yeye hakuiita kompyuta hata siku moja. Alikuwa karani wa kupiga taipu ofisini miaka thelathini na moja, na alipostaafu walimpa ile kuukuu waliyokuwa wanataka kuitupa. Aliileta nyumbani kwa mkokoteni, boksi lake kubwa, kioo chake kina mgongo kama kobe. Akaiweka chumba cha mbele. Watu wakaanza kuja. Wengine hawakujua kuandika. Wengine walijua vizuri sana, ila kila wakiandika wanaharibu.

Alikuwa na desturi yake. Mtu akija na hasira, alimwacha aseme yote, naye anapiga vitufe, haongezi wala hapunguzi. Mtu akimaliza, anamwambia arudi baada ya siku saba. Barua lazima ilale. Akirudi, anamsomea aliyoyasema. Wengine waliona aibu wakaomba ifutwe. Wengine walibadilisha maneno mawili matatu. Wachache walisema iende hivyo hivyo, naye aliipeleka, maana barua si yake.

Na siri za watu hakuzitoa. Hata mimi sikuambiwa. Mafaili yake hakuyapa majina ya wenyewe. Aliyapa majina aliyoyajua yeye: Kofia ya Sufi. Anayesonya. Viatu Vipya. Kilio cha Jumatatu. Mtu akichungulia, asijue ni nani.

Sasa barua yangu.

Mimi na mdogo wangu tulikuwa mafundi ujenzi. Tulijenga ukuta wa ghala pamoja, mimi kona ya kulia, yeye ya kushoto. Mvua za kwanza tu ukuta ukainama, kisha ukaanguka. Mwenye ghala akauliza, kona ya nani hii iliyoanza? Nikasema ya kushoto. Ilikuwa ya kulia. Siku ile sikushusha timazi, ile kamba yenye uzito inayokuonyesha kama ukuta umesimama wima. Nilijiamini kwa jicho. Mdogo wangu akafukuzwa kazi mbele ya watu. Miaka kumi na miwili hatujakaa chumba kimoja.

Mwaka huu shemeji, mke wake, alinipigia simu. "Shemeji, moyo wa ndugu yako umechoka. Kama una neno, lilete mapema." Kwa simu mimi na mdogo wangu hatuwezi. Tunagombana kabla salamu hazijaisha. Nikamwambia mke wangu nataka barua. Nilisema asubuhi tatu mfululizo, natembea kutoka mlangoni hadi dirishani. Alinionyesha kiti cha wateja nikakikataa. Mimi si mteja. Nilisema yote, mwili ukawa mwepesi. Nilijua nimeomba radhi. Kisha barua ikalazwa, na mwenye kuiamsha akaondoka.

Mdogo wangu hakuweza kuja mazishini. Shemeji alipiga simu kutoa pole, mwishoni akasema, "Anauliza kama lipo neno kutoka kwako."

Nikasema, "Lipo. Limeandikwa. Liko kwenye mashine."

Watu wananiuliza kwa nini nisiseme upya. Maneno yale yalinitoka mara moja katika miaka kumi na miwili. Sikuamini yatatoka tena.

Siku mbili baada ya mazishi nikaona vumbi kwenye chumba chake. Nikaona si heshima. Fundi ujenzi hafagii vumbi kavu. Unanyunyiza maji kwanza, vumbi linakaa, ndipo unafagia. Nimefanya hivyo miaka arobaini. Nikachukua ndoo, nikanyunyiza kwa mkono chumba kizima, na chini ya meza, pale boksi la mashine lilipokuwa sakafuni, waya wake ukutani. Likatoa sauti kama mtu anafyonza. Kisha harufu.

Binti yangu alikuja mbio kutoka jikoni. "Baba! Umeimwagia maji?"

"Nimenyunyiza."

"Umenyunyizia kompyuta?"

"Nimenyunyizia vumbi."

Alikaa chini akashika kichwa. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Tukaibeba hadi kwa fundi wa kompyuta wa barabara kuu, mwenye duka la vioo na muziki. Alifungua boksi, akanusa, akafunga. "Mzee, hii ni maiti. Izike tu."

Binti yangu akamwambia, "Kaka, chunga maneno. Ametoka kuzika."

Akaomba radhi, haraka haraka. Kisha akasema diski, kile kijisanduku cha chuma kinachohifadhi kazi zote, huenda imepona, naye anaweza kuifunga kwenye mashine nyingine na kuipanga upya. Nikauliza, ukiipanga upya, vilivyomo? "Vinafutika, mzee. Lakini itakuwa safi." Nikamnyang'anya. Safi ndiyo iliyoniponza.

Wa pili alikuwa mwanamke wa makamo, ana meza moja na taa moja, nyuma ya duka la vitambaa. Alipoiona mashine alisimama. "Hii naijua. Nilikuwa naenda kuzitengeneza ofisini kwao. Karani wake alinifukuza siku moja kwa kuweka kikombe juu yake."

"Ndiye huyo tuliyemzika," nikasema.

"Pole sana, mzee wangu. Na nani kaimwagia maji?"

Binti yangu alitazama dari.

Fundi akaitoa diski, akaifunga kwenye mashine yake kwa waya. Ikaanza kulia, tik, tik, inanyamaza, tik. Akasema imezeeka. Inasoma, inakwama, inarudi nyuma. Itanakiliwa polepole, siku kadhaa, na isiguswe. Nikawa nakwenda kila siku, nakaa kwenye kigoda chake naitazama.

"Mzee wangu, nenda nyumbani. Haraka haraka haina baraka."

Nikamwambia aliyetunga hiyo hakuwa na ndugu mgonjwa.

Shemeji alipiga siku ya pili. Nikasema kesho. Akapiga siku ya nne. Nikasema kesho. Siku ya tano hakupiga, na hiyo ndiyo ilinitisha.

Siku ya sita fundi akasema imekwisha, mlete binti. Tulikaa watatu mbele ya kioo. Akafungua diski, tukaona kifuko cha mafaili chenye jina la mke wangu. Akakibonyeza. Kioo kikatoa maandishi.

"Inasemaje?"

"Inasema huna ruhusa."

"Nani hana?"

"Wewe, mimi, sote. Marehemu alikifunga. Kinamtaka yeye."

"Mwambie mimi ni mumewe."

"Haijui ndoa, mzee."

"Miaka arobaini na tatu!"

"Hata mia." Akaniangalia juu ya miwani. "Kuna njia. Nitaiambia kwamba mwenye mali sasa ni mimi, nayo itakubali. Lakini nataka ruhusa yako, wewe na binti. Humu mna siri za mtaa mzima."

Binti yangu akasema, "Tutafungua la baba tu. Mama angetutoa roho." Tukakubaliana hivyo, mbele ya fundi.

Alihangaika mpaka adhuhuri. Kifuko kikakataa, kikakubali nusu, kikakataa tena. Mara ikaandika huna ruhusa ya kubadilisha ruhusa. Nilitoka nje nikapiga teke tofali. Lilikuwa tofali zuri, gumu. Nikarudi nachechemea, na mafaili yalikuwa wazi kwenye kioo. Mia nne na kumi na mawili.

"Haya, mzee. Lako ni lipi?"

Binti yangu akasoma majina. Anayekohoa. Mkwe wa Tatu. Mwenye Funguo. Sauti ya Juu. Kila jina nilijiuliza kama ni mimi. Nilifika mahali nikaona yote ni mimi.

"Kichwa Kigumu," akasoma.

"Hilo hapo," nikasema.

Fundi akalifungua. Binti yangu akasoma mstari wa kwanza, akalifunga kwa pupa. "Si lako, baba. Ni la mwanamke."

"Amesemaje?"

"Baba!"

Fundi akasema tuyapange kwa tarehe, la mwisho liwe juu. Akabonyeza. Yote yalikuwa na tarehe moja, mosi Januari, ya mwaka ambao mke wangu alikuwa bado ofisini. Fundi akapiga paja. "Betri ya saa! Kijibetri cha ndani kilikufa zamani. Kila akiiwasha, mashine inadhani leo ndiyo siku ileile."

Nikasema hata mimi ningependa.

Kisha fundi akasema kuna njia nyingine. Mashine inaweza kutafuta neno ndani ya mafaili bila sisi kuyasoma. "Nipe neno ulilolisema kwenye barua yako."

"Samahani," nikasema. Sikufikiri mara mbili.

Akaandika. Diski ikanguruma. "Mafaili mia moja na thelathini na saba."

"Watu wa hapa wana makosa," binti yangu akasema.

"Neno jingine. Lisilosemwa na kila mtu."

"Ukuta."

"Kumi na moja. Majirani, mzee. Kuta ndizo zinazowaleta."

Nikafikiri. Mtu wa kawaida halitaji jambo hili katika maisha yake yote. "Timazi."

Diski ikanguruma, ikakwama, tik, ikanguruma tena. Faili moja. Binti yangu akainama kusoma jina.

"Asiyekaa."

Fundi akacheka mpaka akavua miwani. Hata mimi nilicheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Nilimwona mke wangu ananionyesha kiti, mimi nazunguka tu. Lakini binti yangu hakucheka. Alikuwa anatazama juu na chini ya kioo.

"Baba, hili halikuwamo kwenye yale ya samahani."

"Mashine imekosea."

"Hapo haikosei," fundi akasema polepole.

"Soma," nikasema.

Akasoma. "Mdogo wangu, ukuta ulikuwa wangu. Nakiri. Sikushusha timazi."

Nikasema, mnaona?

"Lakini wewe ulikuwa hatua kumi kutoka kwangu, uliona kwamba sijashusha, ukanyamaza, na kunyamaza ni kosa. Lakini hata ungesema nisingekusikiliza kwa sababu tangu utoto wewe ni mtu wa maneno. Lakini sikukufukuza mimi, alikufukuza mwenye ghala. Lakini mtu mwenye adabu haachi kuja kumzika baba yake kwa sababu ya kona ya ukuta. Lakini..."

Alisoma ukurasa mzima kwa sauti ileile aliyoanza nayo. Ukurasa wa pili sauti ikapungua. Mke wangu alikuwa ameandika kila kitu, mpaka pale niliposema mdogo wangu hakuwahi kuchanganya saruji vizuri. Sikumbuki kusema hilo. Lakini ni mimi. Hakuna mwingine angesema hilo.

"Niendelee, baba?"

"Zimebaki ngapi?"

"Ukurasa mmoja na nusu."

"Acha."

Fundi alikuwa anahesabu kwa vidole chini ya meza. "Nimehesabu lakini kumi na saba," akasema. "Na huyu si ndiye mgonjwa wa moyo, mzee wangu?"

Binti yangu akauliza kama achapishe. Nikasema hapana. Akauliza kama afute. Nikasema hapana pia, akanikasirikia, akasema sasa unataka nini, wiki nzima tunahangaika. Nilikuwa nimebeba kichwani mstari ule wa kwanza tu, nikadhani ndiyo barua yote.

Njia nzima ya kurudi nilimgombeza marehemu kimoyomoyo. Alisikia yote yale. Alipiga vitufe asubuhi tatu na uso wake ule mtulivu. Aliniacha niuamini uongo wangu mwenyewe, akanipa chai. Si angeniambia tu? Ningemkasirikia siku mbili, yangekwisha.

Shemeji alipiga tulipofika mlangoni. Mdogo wangu yuko hai. Hawezi kusema maneno mengi sasa, lakini anasikia. Nikamwambia kesho nakuja mwenyewe kwa basi la kwanza. Akauliza, na lile neno? Nikasema nakuja.

Nimekaa tangu mchana nikitafuta neno hilo, nimepata mistari miwili na yote miwili ina lakini. Nimekuwa nikimlaumu mke wangu kwa kutonionya. Kumbe alinionya. Asubuhi ile ya tatu nilipomaliza kusema, jasho linanitoka, aliondoa vidole kwenye vitufe, akavua miwani akaifuta. Nilidhani ni mzaha wake, nikaenda zangu kuoga. Alisema:

"Haya, ugomvi tumeumaliza. Ukiwa tayari kuandika barua, niite."