Kitalu Nyuma ya Jiko

Mwaka ule kikundi chetu cha akina mama wa kanisa kiliamua kupanda majani chai. Wengi wetu pale Iguhu tulikuwa na mahindi, maharagwe na ndizi kidogo, basi. Chai ilikuwa ya watu wa upande wa msituni. Kwa kuwa kwangu palikuwa karibu na kisima na palikuwa na kivuli, walitaka kitalu kiwekwe nyuma ya jiko langu. Nilikubali kabla hawajamaliza kusema.

Bwana wa kilimo alikuja kutuonyesha. Kipandikizi chenyewe kilikuwa kipande kifupi cha tawi chenye jani moja tu. Tulikichomeka katika kijifuko cheusi kilichojaa udongo, kijifuko baada ya kijifuko, mpaka tuta zima likajaa. Tukanyunyiza maji, tukapinda fito juu yake, tukazifunika kwa karatasi pana ya nailoni, kisha tukafukia kingo zake zote kwa udongo. Juu zaidi tukajenga uchaga wa nyasi, jua lisipige moja kwa moja.

"Sasa sikilizeni," akasema. "Hivi vitu havina mizizi, haviwezi kunywa kutoka chini. Vinaishi kwa unyevu wa hewa iliyomo humu ndani. Ukifungua, unyevu unatoka na majani yananyauka. Mkiona matone yameshika karatasi kwa ndani, viacheni. Matone yakikauka, fungueni, mnyunyize, mfunge upesi. Lakini maji yakizidi, vitaoza."

"Na tutajuaje kama vimeota?" mwenyekiti wetu akauliza.

"Mtangoja, mama."

Kungoja ndiko kulikotushinda sote. Hazikupita siku nyingi wenzangu wakaanza kuja. Huyu anatoka kusaga mahindi, mkebe wa unga kichwani, anasema anapita tu kusalimia. Yule amekuja kuomba chumvi, na njia ya chumvi inapitia nyuma ya jiko. Kila mmoja aliinua ukingo kidogo tu, akachungulia, akarudisha. Nikienda baadaye nakuta udongo umefumuliwa na matone yamepungua upande huo, nami nanyunyiza na kufukia upya huku nikinung'unika peke yangu.

Nikawa mlinzi. Niliweka matawi ya miiba kulizunguka tuta. Niliacha kwenda sokoni ila kwa haraka, na kanisani nilikaa benchi la mlangoni, nikawahi kutoka kabla ya matangazo. Kufua nilifulia pale pale. Mume wangu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliniuliza kama siku hizi nimeolewa na nailoni. Sikucheka.

Aliyenisumbua kuliko wote alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Alikuwa ameolewa Kabras, kwenye miwa, na mwaka uliotangulia alirudi kwao na godoro na kuku mmoja. Hakueleza kwa nini, nasi hatukumwuliza. Alikaa katika nyumba ya marehemu mama yao, ng'ambo ya ua wetu, na mikono yake haikujua kutulia. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Aling'oa magugu ya shamba la mtu mwingine.

Siku moja nilimkuta amepiga magoti, kichwa chote kimo ndani ya karatasi.

"Mulamwa!" nikamwita, kwa jina tunaloitana sisi mawifi. "Unafanya nini?"

Akatoa kichwa, uso umelowa. "Naangalianga tu kidogo."

"Kila siku?"

"Si kila siku." Akajifuta kwa leso. "Humo ndani kuna joto zuri, mulamwa. Kunanukia kama mvua. Nikiingiza kichwa sisikii kitu kingine chochote."

Nilitaka kumgombeza, nikaacha. Nilifukia ukingo, naye akanisaidia kushindilia udongo kwa viganja, akishindilia kupita kiasi.

Wakati huo huo ujumbe ukaja kutoka Mautuma, kwamba mama yangu ni mgonjwa, halali wala hali. Wazazi wangu walikuwa wamehamia huko Lugari nikiwa mdogo, wakalima mahindi katika kipande cha shamba lililokuwa la mzungu. Baba alikuwa amefariki, na mama alibaki na kaka yangu, ambaye hakujua hata kuchemsha uji. Ilinipasa kwenda, na hakuna aliyekuwa karibu na kitalu kuliko wifi.

"Usifungue," nikamwambia. "Angalia matone tu, kutoka nje."

"Nimesikia."

"Hata wenzetu wakija, usiwaruhusu."

"Mulamwa, nenda ukamwone mama yako!"

Nilimkuta mama amekonda, macho yameingia ndani, lakini alinitambua. Nilimpikia uji wa wimbi, nikamwogesha, nikampa dawa alizoandikiwa. Akilala, nakwenda kumgusa paji la uso. Namrudishia shuka, naondoka, narudi tena. Na nikiwa nje nikianua mahindi, moyo wangu uko Iguhu, chini ya nailoni, nikihesabu nani amepita leo. Mwisho mama alifungua jicho moja.

"Unaniamsha ili uone kama nimelala?"

"Nilitaka kujua kama homa imeshuka."

"Itashuka ukiniacha. Tangu ufike hujakaa chini hata ukamaliza kikombe cha chai. Huko kwenu umeacha nini?"

Nikamweleza habari za vipandikizi. Alisikiliza, akageukia ukuta. "Kama ni majani, rudi kwa majani yako," akasema. Sikujua kama amekasirika. Nilikaa mpaka alipoweza kutembea mwenyewe hadi mlangoni, kisha nikaondoka, na njia nzima nilijiona mtoto mbaya.

Niliposhuka sokoni Iguhu nilikuta majani ya migomba yamechanikachanika kama vitambaa. Mwanamke aliyeuza nyanya akaniambia, "Pole. Mvua ya mawe ilitupiga siku nne zilizopita, si mchezo, na kunyesha hakujakoma." Nilitembea, nikaanza kukimbia, kikapu kikinipiga mguuni.

Uchaga wa nyasi ulikuwa umeanguka. Juu ya tuta niliona blanketi, magunia, na lile godoro la Kabras, limelowa chepechepe. Wifi alikuwa ameketi kando yake juu ya kigoda, mkono mmoja umefungwa kitambaa.

"Karatasi ilitoboka," akasema kabla sijauliza. "Mawe yalikuwa makubwa. Nilileta nilichokuwa nacho."

"Umeumia?"

"Jiwe moja tu. Halafu nikatafuta ile nailoni ya ndani ya magunia ya mbolea, nikapachika palipotoboka. Ilibidi nifungue, mulamwa. Usiniambie sikusikia."

Tuliondoa blanketi na magunia, tukasaidiana kushusha godoro, kila mmoja ameshika upande wake. Upande wa kisimani maji yalikuwa yameingia na kutuama; majani yamekuwa meusi, ukungu mweupe umetambaa juu ya udongo. Upande wa jikoni matone yalikuwa yameshika karatasi kwa ndani, mengi, yametulia.

Wenzetu walikuja kesho yake. Mwenyekiti alitazama upande uliooza, akatazama magunia, akauliza kwa sauti ya mkutano, "Nani alifunika hewa ikakosa pa kupita?"

"Mimi," akasema wifi.

"Ndiyo maana nilisema kitu cha watu kisiachiwe mtu ambaye..."

Hakumaliza, lakini wote tulielewa kuwa alisema juu ya ndoa iliyomshinda. Wifi aliinamisha kichwa. Nikasimama kando yake.

"Mvua ilipokuwa ikipiga, mwenyekiti, wewe ulikuwa wapi?" nikauliza. "Na ninyi mliokuwa mkija kuchungulia kila siku, nani alikuja siku ile?"

Mmoja akaanza kuokota vijiti. Tukang'oa vilivyooza, tukachimba mfereji wa kutoa maji, na mwenyekiti mwenyewe akashika jembe bila kutuangalia.

Vilivyobaki viliota. Bwana wa kilimo alichana kijifuko kimoja mbele yetu, tukaona mizizi myeupe, myembamba, imeshika udongo. Akatufundisha kuvizoesha hewa ya nje: kwanza kuinua ukingo mmoja, baadaye mwingine, mpaka karatasi ikaondolewa yote. Wifi alipata fungu lake sawa na wengine. Mume wangu na ndugu zake walivutana wiki nzima kuhusu dada aliyerudi nyumbani apande wapi, mwishowe wakampa kipande cha mteremko kando ya mto. Alipanda huku kunanyesha, hakutaka kungoja jua wala msaada.

Mama yangu alipona. Aliponitembelea baada ya mavuno alitazama safu zangu za chai na kusema mahindi yana faida ya kuonekana upesi.

Kitalu tulikibomoa. Fito tuliziwashia moto, na nailoni akaichukua mwenyekiti. Lakini kwa muda mrefu baadaye, kila nilipoweka sufuria jikoni, miguu yangu ilinipeleka nyuma, nikasimama kwenye udongo mtupu, nisijue nilifuata nini.