Mizinga ya Sindano

Mwaka 2004 Jamleck Mbuthia alikuwa karani wa bima Upper Hill, kapera wa miaka thelathini na minne, na chumbani kwake Mutuini kulikuwa na vifaru vya vita vya kuchezea vingi kuliko sahani. Vilikuwa vya plastiki, vya bei rahisi, kutoka duka la Jabir kule mjini, magurudumu yakianza kung'oka siku ya kwanza. Jamleck alivikata kwa wembe, akavibandika vifuniko vya chupa na matumbo ya redio mbovu, kisha akavipaka rangi ya kutu. Vikitoka mikononi mwake vilikuwa vifaru vya kupigania sayari za mbali.

Kila Jumamosi alivipeleka Loresho kwa Naeem, muuza vigae, ambako watu watano walipigana vita mezani kwa dadu na utepe wa kupimia. Wote walikubali kwamba hakuna aliyeunda vifaru kama Mbuthia.

Kilichomtatiza ni mizinga. Ile ya kiwandani ilikuwa mifupi na laini, ikapinda jua likiipiga. Ndipo Nakhumicha, mama aliyeishi kwa kuokota plastiki, akamletea mfuko wa mirija ya sindano, myeupe, iliyonyooka vizuri. Alisema ameiosha. Jamleck hakuuliza imetoka wapi. Kwa kuwa mkasi uliipasua, akazoea kung'oa ncha zake kwa meno.

Jumapili moja mchana alihisi punje kavu ulimini, yenye ladha ya chuma. Akautema ule mrija, akauinua dirishani. Ndani ulikuwa na utando wa kahawia. Ilikuwa damu. Alitapika kwenye beseni, akasukutua kwa maji ya chumvi hadi midomo ikachubuka, na bado akawa anatema.

Kesho yake alimwomba Nakhumicha ampeleke mirija ilikotoka. Walifika nyuma ya kliniki moja ya kibinafsi. Mbwa walikuwa wakivutana na bandeji zenye usaha, na harufu ilimfanya Jamleck afunike pua kwa tai yake ya kazini. Nakhumicha aliinama na kuchakura kwa mikono mitupu, kidole kimoja kimefungwa kitambaa.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenunua?"

Jamleck alijua kwamba angeuliza siku ya kwanza angeambiwa, na kwamba hakutaka kuambiwa. Hilo lilimchefua kuliko ile damu.

Alienda kupimwa damu, akaambiwa arudi baada ya miezi mitatu. Jumamosi iliyofuata akawaeleza wenzake kila kitu. Isaiah, wakili, alisogeza kiti nyuma. Naeem alikigeuza kifaru kimoja mkononi, akakitazama.

"Lakini zimetoka poa sana, Mbuthia. Si upake rangi ingine tu juu?"

Wakacheka. Isaiah akasogea tena mezani, akasema rangi huua vijidudu. Mwingine akachukua sambusa kwa vidole vilevile alivyosogezea vifaru. Jamleck aliwaangalia wakitafuna. Akafungua gunia, akakusanya vifaru vyote ishirini na vitatu, hata vile alivyomuuzia Naeem. Naeem alisema hayo ni matusi. Jamleck akatoka na gunia, wala hakurudi tena Loresho.

Muuguzi aliyempima alikubali kulitia gunia kwenye tanuru la taka za hospitali. Miezi mitatu ilipoisha, majibu yalitoka safi. Jamleck alimnunulia Nakhumicha gambuti na glavu nene. Gambuti alizivaa. Glavu aliziuza, akisema hazimruhusu kuhisi anachookota.

Halafu Jamleck akaandika barua kwa baraza la jiji. Afisa wa afya akaja, akafoka, akaondoka. Kliniki ikazoa lile rundo usiku mmoja na kulimwaga ng'ambo ya barabara, kando ya kijito ambacho watu wa upande wa chini hunyweshea ng'ombe. Asubuhi Jamleck alipopita akielekea kazini, Nakhumicha alikuwa amekwisha fika, ameinama, na akampungia mkono.