Mwaka Tulioomba Ankara

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mweka hazina wa tamasha letu la mavuno pale Mollo, cheo nilichopewa bila ubishi kwa sababu hazina yenyewe haikuwepo. Kina mama wa jumuiya walipika, kila nyumba ilileta mahindi au ulezi, na mzee mmoja mwenye duka mjini Sumbawanga alitoa Fuso yake kubeba vikundi vya ngoma kutoka vijijini. Yeye ni Mwislamu na sherehe yetu ilianza kwa misa, lakini hilo halikumsumbua, na hata mafuta hakuwahi kutudai.

Kisha tukapata mfadhili. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, akanunua tai. Mfadhili alitaka kila kitu kiwe na ankara, hata vile tulivyopewa bure, ili thamani yake ionekane. Nikaenda dukani, nikamwamkia mzee, nikamwomba aandike Fuso yake ingetugharimu kiasi gani kama angetutoza. Aliandika, halafu akaitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Nadhani hakuwa amewahi kujua kwamba anatupa kiasi kile.

Mwaka uliofuata akatutoza. Wapishi waliposikia, nao wakataka posho. Wacheza ngoma wakadai nauli ya kuja na kurudi. Tuliwalipa wote, na ripoti yetu ikasifiwa kwa uwazi. Ili kusimamia malipo hayo, kamati ilikaa vikao vingi, na vikao navyo vina posho na soda.

Mfadhili alipohamia mkoa mwingine, tulibaki na akaunti iliyoliwa na makato ya benki, pamoja na kamati iliyojua sana kuandika ripoti. Mwenyekiti akashauri turudie moyo wa kujitolea. Kina mama walimsikiliza kwa heshima, kisha wakauliza huo moyo unalipwa shilingi ngapi.

Nikatumwa tena dukani. Nilimweleza mzee kwamba hatuna kitu, na kwamba hata kuja kwake nimeona aibu.

“Mwanangu,” akasema, “zamani mlikuwa mnaniomba gari. Baadaye mkaniomba bei. Mimi mfanyabiashara, nikiombwa bei nataja.”

“Leo naomba gari, baba.”

Akamwita dereva.

Tamasha la mwaka ule lilikuwa dogo, halina jukwaa wala fulana. Wapishi walijitokeza wachache, na mmoja alinieleza mapema kwamba amekuja kwa heshima ya mzee, si ya kamati. Mwenyekiti akasimama kusoma taarifa ya fedha. Ilikuwa fupi mno, na kwa mara ya kwanza watu waliipigia makofi.