Mzee Aliyeihoji Sindano

"Sindano hii ilimchoma nani kabla yangu?" Swali hilo niliulizwa mimi, katika kituo kimoja cha afya wilayani Kibondo, mwaka ambao watu walikuwa bado wanaezeka nyumba zao katika vijiji vipya vya ujamaa. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nimeajiriwa kuwafundisha wananchi mambo ya afya, na nilijiona mtu wa kuhoji kila kitu: nilihoji mahubiri, nilihoji hotuba za viongozi, nilihoji hata chumvi ya mama yangu. Sindano sikuwahi kuihoji. Aliyeniuliza, mfanyabiashara wa maharage kutoka Mabamba ambaye baadaye alihamia Kasulu, amefariki wiki iliyopita, nami nimerudi juzi kutoka msibani.

Wakati ule alikuwa ameumwa na mbwa, na mbwa mwenyewe akafa akitokwa na mapovu. Kila mtu alijua maana yake: asipochomwa chanjo tumboni, kila siku mpaka dozi iishe, kichaa cha mbwa kikimwanza hakuna dawa duniani. Chanjo ilikuwa imeletwa kutoka Kigoma kwa ajili yake. Nesi akashika bomba la kioo, mzee akashika shati lake lisifunuliwe, akanigeukia na swali. Nesi akanijibia: "Ni ya serikali, mzee."

"Serikali haina tumbo," akasema. "Tumbo ni langu."

"Zilichemshwa asubuhi."

"Asubuhi nilikuwa njiani. Chemsha nione."

Ukweli ni kwamba asubuhi ndiyo ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kuchemshwa kwa siku. Baada ya hapo sindano ilifutwa kwa spiriti tu, ikatoka kwenye mkono wa huyu ikaingia kwenye paja la yule, na majipu yakitokea tuliwalaumu wagonjwa kwa uchafu. Mimi nilikuwa na somo zima kuhusu uchafu huo. Basi jiko la mafuta ya taa likatolewa nje, mbele ya foleni, likawashwa. Maji yalipotokota, mzee akauliza yamechotwa kisima kipi. Akauliza kama ile siyo sufuria ya chai. Ilikuwa ya chai. Nikapiga makofi, nikijiambia kwamba hatimaye nimempata mwenzangu. Nesi akanitazama. "Dada msomi, huyu mzee akianza kubweka, utalala naye chumba kimoja wewe?" Muda wa kazi ukaisha, mzee akaondoka bila kuchomwa, nami nikamsindikiza hadi njia panda nikimsifu. Kesho yake alikuja na mkewe. Mama yule hakuuliza chochote. Alimlaza, akamkalia miguu, akamwambia nesi, "Choma."

Mzee akapona, lakini jiko halikurudi ndani. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni walikuwa wamesikia kila kitu, na kuanzia hapo kila mmoja alitaka kuona maji yakitokota kwanza. Majipu yakapungua. Mimi nikaandika katika safu hii ya gazeti kuhusu "mwananchi jasiri anayehoji", na nikaenda vijijini hadi Murungu kuwahimiza wengine wawe kama yeye. Bado naamini nilichojifunza pale: koti jeupe si jibu, na mgonjwa anayeuliza huwakinga hata waliokaa kimya nyuma yake. Tumezoeshwa kushukuru tunapotibiwa, kana kwamba tumepewa zawadi, na anayeuliza anaonekana mkorofi. Mkorofi mmoja alitosha kwa kituo kizima.

Msibani nilimweleza mjane haya yote, kwa sauti ya mtu anayezindua sanamu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Mwanangu, mume wangu alikuwa anaogopa sindano," akasema. "Tangu utotoni. Yale maswali yalikuwa ya kusukuma muda, kituo kifungwe arudi nyumbani. Na wewe ulivyokuwa unampigia makofi, aliniambia yule binti ana huruma sana, amekwishanijua, ananisaidia kuchelewesha."