Mwalimu Kengele na Baba Yake

Wanafunzi wa chuo cha ualimu walimpachika jina la Mwalimu Kengele. Kila mwaka, katika somo la kwanza la saikolojia, alitoa kengele ndogo mkobani akaipiga katikati ya kipindi. Darasa zima lilianza kukusanya madaftari, kisha likaangua kicheko.

"Mmeona?" aliwaambia. "Hamkufikiri. Mmezoeshwa."

Siku ya somo la njiwa na punje hakuchekesha mtu. Njiwa anayepewa punje kila anapodonoa kitufe, alieleza, akinyimwa huacha mapema. Anayepewa mara mojamoja, asijue lini, hudonoa mpaka awe hoi.

"Na akifunguliwa tundu, mwalimu?" aliuliza binti wa kiti cha mbele. "Ataondoka?"

Mwalimu alifuta ubao. "Tutaendelea wiki ijayo."

Nyumbani alikuwapo baba yake, fundi cherehani mstaafu aliyepooza upande mmoja. Mwalimu, kitinda mimba ambaye hakuolewa, ndiye aliyemwogesha, kumlisha na kumgeuza. Malipo yake yalikuwa masimango: supu imepoa, shuka linakwaruza, ana mikono mizito kama mchimba kisima. Kisha, siku moja kati ya nyingi, mzee alimshika kidole akasema, "Unafanana na mama yako." Basi. Neno hilo lilimtosha mwezi mzima.

Safari hii miezi ilipita bila neno, akampigia simu kaka yake. "Kaka, njoo umchukue baba. Nimefika mwisho."

"Si nilikwambia zamani, mdogo wangu? Jumamosi nakuja na gari."

Mzee aliondoka bila kuaga. Mwalimu alilala mchana kutwa, akala amesimama, akaimba akiosha vyombo. Haikupita wiki, kaka akapiga simu.

"Mzee kagoma kula. Kila kijiko anatema."

"Anasemaje?"

"Anasema nyumba hii hakuna anayejua kupika. Anakutaja wewe tu."

Moyo wa Mwalimu uliruka kwa furaha, na furaha hiyo ikamtisha. Baba ana njaa, naye anachekelea! Alijua la kufanya. Ndiyo kazi yake.

"Msimbembeleze," alisema. "Atazoea."

"Una hakika?"

"Ndivyo ninavyofundisha."

Alikata simu, akavaa viatu, akatoka.

Alipofika kwa kaka yake alichukua bakuli mikononi mwa wifi yake, akaketi kitandani. Mzee alifumbua mdomo, akameza, akameza tena.

"Chumvi imezidi," alisema, akitazama ukuta.

"Wifi," alisema mke wa kaka kwa upole, "si ungetuachia? Kidogo kidogo tungemweza."

"Najua."

Jioni hiyo hiyo kaka aliwarudisha wote wawili. Mwalimu alikaa kiti cha nyuma, kichwa cha baba kimemlalia begani. Njia ilikuwa na mashimo, na kila walipotikisika mzee aliguna. Bega likafa ganzi. Hakulisogeza, mzee asije akainua kichwa kabla hajamwambia neno jema.